Mkeka wa Bibi na Watu wa Chuo

Bibi yangu mzaa mama alisuka mikeka ya ukindu yenye nakshi ambayo sijaiona kwa msukaji mwingine hapa Mafia: mistari myeusi inapanda, ikikaribia kukutana inakatika, halafu inaanza upya upande wa pili. Alifariki bila kumrithisha mtu, maana sisi wajukuu tulikuwa tumekazana na shule. Ulibaki mkeka mmoja tu, kwa mama, Baleni. Nilipofika mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya usanifu, ninayoyachukua kwa njia ya masafa, nikaamua kufanya utafiti juu ya nakshi hiyo ili angalau ibaki imeandikwa mahali.

Msimamizi wangu, ambaye tulikuwa tukizungumza naye kwa simu, alitaka marejeo. "Nani mwingine ameandika habari zake? Bila hivyo, hiyo ni hadithi ya nyumbani kwenu."

Nikapanga chumba Kilindoni, penye maktaba na mtandao wa kueleweka. Mkutubi, dada mmoja mpole, alinitafutia vitabu mpaka nikamwonea huruma. Upande wa sanaa alipata vitabu vya mitihani, na kimoja cha kufundisha kuchora chupa ya mvinyo na zabibu pembeni. Nilikirudisha rafuni kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake.

Maktaba ya mtandaoni ya chuo ilidai paswedi, na yangu ilikataa kila nilipojaribu. Niliwaandikia ofisini, kimya. Nikahangaika kwenye mtandao wa kawaida hadi nikakuta picha moja, ya jumba la makumbusho la ughaibuni. Mkeka ulikuwa unafanana na wa bibi, au pengine nilikuwa natamani tu ufanane. Picha yenyewe ilikuwa ndogo kama stempu, na kubwa haikufunguka bila kibali. Chini yake waliandika: pwani ya Afrika Mashariki, msukaji hajulikani. Iliniuma. Hajulikani kwa nani?

Nilimweleza msimamizi kwamba nimekwama. Siku hiyo alilainika. Akasema kama mkeka wenyewe upo, niupige picha pande zote, nipime kila ukili, ule utepe wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka, naye ataupokea kama chanzo. Bila huo, nibadili mada. Nilifurahi kama mtoto, nikampigia mama papo hapo.

"Shikamoo mama. Kesho nakuja kuupiga picha ule mkeka wa bibi. Watu wa chuo wanataka kuuona."

"Marahaba mwanangu. Watu wa chuo? Haya, njoo, utakuta nimeshatengeneza."

Sikuuliza anatengeneza nini.

Asubuhi bodaboda ilinishusha mlangoni. Mama alikuwa amefagia uwanja wote na kuvaa kanga zake za Idi. Barazani alikuwa ametandika mkeka mpya wa plastiki, mwekundu, wenye maua makubwa.

"Ule wa bibi uko wapi?"

"Ule umetoboka, una mikojo ya wajukuu. Watu wa chuo wauone vile? Waseme kwa kina bibi yako hapana hata cha kukalia?" Alicheka kidogo. "Nimeuchoma jana na makuti. Kipande kizima kizima nimewawekea kuku."

Nilikwenda bandani. Kuku alikuwa ameatamia. Nilimwinua, akanidonoa, nikakivuta kipande. Kilikuwa cha pembeni, ukili mtupu usio na nakshi. Nilikirudisha chini ya mayai. Sikuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Niliporudi, mama alikuwa ameketi kwenye ule mkeka wa plastiki, miguu ameikunja vizuri, anaisubiri kamera. Akaniambia nihakikishe na maua yanaonekana. Nikampiga picha. Akataka kuiona, akaridhika, akaniuliza kama watu wa chuo watafurahi.

"Watafurahi, mama," nikamwambia.

Jioni nilimwandikia msimamizi kwamba nabadili mada.