Gogo Lililozikwa Mlangoni pa Jiko

Dija hakusomea uhandisi popote. Miaka ishirini kazi yake ilikuwa kufunga maturubai ya harusi, Lugoba mpaka Miono, na kama uliwahi kula pilau kivulini huko, basi jua kivuli kile alikifunga yeye.

Nyumba yake ya Miono aliijenga kwa jasho lake mwenyewe. Masika mawili korongo likamega kiwanja, zikabaki hatua kumi na tano kufika jikoni. Fundi Bilali akamjengea ukuta wa magogo kuzuia udongo, akaufunga kwa kamba za chuma kwenye magogo mengine aliyoyazika hatua mbili tu nyuma yake. Mvua ya kwanza, puu! Ukuta na magogo ya kuzikwa, vyote korongoni.

Kaka yake Shuaibu akapiga simu kutoka Dar. "Masika yakianza nakuja na lori. Utahamia kwangu."

Dija aliumia hasa. Azeekee kwenye chumba cha wageni cha wifi yake? Thubutu!

Akamwita Bilali. "Ukifunga turubai, kigingi unakipiga mguuni pa nguzo?"

"Aa, dada, kitang'oka."

"Sasa haya magogo yako je? Umeyazika ndani ya udongo uleule unaotaka kuanguka!"

Bilali akakuna kichwa, akachukua jembe. Safari hii walichimba hatua kumi na mbili nyuma, karibu na mlango wa jiko, kwenye ardhi isiyo na haraka ya kwenda popote. Shimo refu, kina cha kifua, wakazika gogo humo na kulifunga kwa kamba za chuma kwenye ukuta mpya. Wapita njia wakatania, "Dija, unamzika nani?"

"Aibu ya Bilali!"

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ya nne, Shuaibu huyo na lori lake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umefunga mizigo?"

"Njoo uone kwanza."

Maji yalitoka taratibu kwenye matundu ya ukuta. Hakuna gogo lililopinda. Shuaibu akaupiga teke, akaupiga tena, mguu ukamuuma.

"Nani kakuchorea huu?"

"Maturubai, kaka!" Furaha ikamzidi Dija, akapiga kigelegele peke yake, majirani wakadakia mpaka ng'ambo ya korongo.

Shuaibu akaanza kuaga. Dija akamshika mkono.

"Lori lisirudi bila kazi. Madrasa nayo korongo linaifuata, na Bilali anajua magogo yanapouzwa."

Shuaibu akamtazama dada yake, akakunja mikono ya kanzu, akapanda lori, akashika usukani. "Mwite Bilali."