Wembe Kwenye Shingo ya Namba Saba

Mtaa mzima ulimwita kinyozi huyu Visogo, na jina lilimkaa sawasawa. Miaka thelathini amesimama nyuma ya watu, na watu kwake ni visogo: hiki kina kovu, hiki kina mikunjo miwili, hiki ni cha mwalimu mkuu. Nyuso hakuzishughulikia. Siku moja alipishana na shemeji yake njiani, uso kwa uso, akampita kama anapita nguzo. Shemeji alipokwisha kumpa mgongo ndipo Visogo akapiga kelele, "Ah, shemeji! Kumbe ni wewe?" Shemeji alinuna mwezi mzima.

Ukutani alibandika picha kumi na mbili za mitindo, kila moja na namba yake. Mteja akitaja namba, mashine inawashwa. Waliomo pichani ni akina nani, usimuulize. Yeye aliwatazama kuanzia nyusi kwenda juu.

Nyuma ya pazia alikuwepo bintiye wa pekee, mjamzito wa miezi minane, akifua taulo na kuimba. Mama yake alishafariki, na Visogo hakuwa na mtu mwingine duniani.

Asubuhi ya siku hiyo fundi viatu wa mlango wa pili alikuwa amemjaza maneno: mfungwa katoroka, kaua watu wawili, polisi wanahaha kumtafuta. Saa nane mchana, wateja hakuna, akaingia kijana mwenye miwani myeusi na kofia ya koti imemfunika kichwa. Hakusalimu. Akafunga mlango, akasukuma komeo, akachungulia dirishani.

"Mzee, nyoa zote. Na ndevu pia, kwa wembe. Usibakize kitu."

Akavua miwani na kofia. Namba saba: pembeni peupe, juu kishungi chekundu, kama nusu ya vijana wa mji.

"Mbona kichwa kizuri tu, mwanangu?" Visogo alijikaza kusema. "Unakiharibia nini?"

"Kuna watu wananitafuta. Wakija kuuliza, hujaniona. Sawa, baba?"

Visogo akasema sawa. Angesema nini? Komeo limefungwa, muuaji yuko kitini, na binti yuko nyuma ya pazia na tumbo lake. Akawasha mashine akiomba moyoni mtoto wake anyamaze.

Binti ndiyo kwanza akapandisha sauti.

Kijana akainua kichwa. "Nani huyo anayeimba?"

"Redio," Visogo akadakia. "Redio tu, imeharibika kitufe, haizimiki."

Kijana akasikiliza kidogo, akatabasamu. "Hiyo redio yako inakosea ubeti wa pili."

Tabasamu lile lilimtisha Visogo kuliko komeo. Amejua, akawaza. Amejua kuna mwanamke humu. Kishungi chekundu kikaanguka sakafuni, naye akapaka povu, akafungua wembe. Kijana akalaza shingo nyuma, akafumba macho.

Visogo alifundishwa kazi na baba yake mdogo, na somo la kwanza lilikuwa hili: mteja akisogea, wembe unainuka. Hata akikohoa, hata akicheka, wembe unainuka kwanza, maswali baadaye. Kwa miaka thelathini mkono wake ulikuwa ukilifanya hilo wenyewe, bila kumsubiri yeye.

Alikuwa amefika chini ya koo kijana aliposogeza mkono ghafla chini ya shuka la kunyolea na kuuingiza kwenye koti.

Wembe haukuinuka. Ulishuka. Visogo alijisikia akiukandamiza, na alijua kabisa anachofanya. Kwa muda wa pumzi moja tu, alikuwa ameshaamua.

Mkono ukatoka na kitambaa cheupe. Kijana akapiga chafya mbili.

"Samahani, baba. Nywele zimeniingia puani." Akajigusa shingo, akaona damu kidoleni, akacheka. "Kosa langu. Mimi ndiye niliyetikisika."

Visogo alimkandamizia kwenye kidonda jiwe la shabu la kukata damu. Kijana, kipara kinang'aa, alisimama akaweka malipo mezani. "Naenda hospitali kumwona mama. Safari iliyopita walinifuata mpaka wodini, wakavunja mlango."

Hata muuaji ana mama, Visogo akawaza.

Binti akatokea na taulo mkononi. Kijana alimtazama tu, akavaa kofia yake. "Dada, ubeti wa pili unaanzia chini. Usipande haraka." Akafungua komeo, akaenda zake.

Taulo zilianguka zote. "Baba! Unajua umemnyoa nani?"

"Muuaji," akasema Visogo, akakaa chini palepale kwenye nywele.

Binti alicheka na kulia kwa pamoja. Akaenda ukutani akaigonga picha ya namba saba, usoni, chini ya nyusi. Nyimbo anazoimba mwaka mzima, zote ni za yule. Visogo akaitazama ile sura kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya mtoto tu, mtoto wa mtu, na shingo nyembamba.

Wiki ile ile mwimbaji alisema redioni kwamba mama yake amepata nafuu, na kwamba aliyemnyoa ni mzee mmoja asiyeuliza maswali, mwenye mkono mtulivu kuliko wote aliowahi kukutana nao. Kesho yake foleni ilifika kwa fundi viatu. Wote walitaka kipara, wote kwa wembe.

Wa kwanza akaketi, akalaza shingo, akafumba macho.

Visogo alisimama na povu mkononi. Bintiye, aliyekuwa akiimba nyuma ya pazia, akanyamaza kusikiliza.

"Wembe umepotea," Visogo akawaambia. "Nina mashine tu."

Ulikuwa mfukoni mwake, umefungwa.