Swali la Jikoni

Sikumsamehe mhadhiri wangu wa historia, na siandiki haya ili nimsamehe. Naandika kwa sababu wapo watu wanaomwona leo kwenye mikutano, na tai yake na sauti yake tamu, wakimwita Daktari kwa heshima zote. Nataka angalau upande wangu uwe kwenye karatasi.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha watu binafsi, nje kidogo ya Njoro, kimezungukwa na mashamba ya ngano. Hatukufika wanafunzi mia tatu. Tulisoma historia, fasihi, falsafa na baiolojia kidogo, vyote kwa pamoja, na kila nilipofika nyumbani Kuresoi mjomba wangu aliniuliza, "Sasa hiyo ukimaliza unaitwa nani?" Hata hivyo nilikipenda chuo kile. Tulijuana wote. Mhadhiri akikukuta njiani alikuuliza umefika ukurasa wa ngapi, na ukimdanganya alijua.

Kila mwanafunzi alifanya kazi ya mikono saa sita kwa wiki. Wengine walipelekwa kwa ng'ombe, wengine maktaba. Mimi nilikaa jikoni miaka yote minne, chini ya mpishi mkuu, mama wa Molo mwenye ulimi mkali ambaye sote tulimwita mathe. Viazi nilivyomenya pale sijui nani angeweza kuvihesabu.

Chuo kilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tulibaki bwaloni kusikiliza mhadhara, na swali la kwanza lilikuwa la jikoni. Waanzilishi waliamini kwamba elimu usiyoweza kumweleza anayekupikia, wewe mwenyewe hujaielewa. Yeyote aliyevaa aproni siku hiyo aliruhusiwa kuuliza, na mzungumzaji hakuketi mpaka mwenyekiti aulize, "Jikoni mmeshiba?" nasi tujibu, "Tumeshiba." Mara nyingi ulikuwa mzaha tu. Mathe aliuliza kitu kidogo cha adabu, watu wakacheka, tukashiba, tukarudi kwa sufuria zetu.

Mwaka wangu wa tatu, mhadhiri wa historia alitutaka tuandike jambo ambalo watu wa kwetu wanalijua na halimo kitabuni. Nilirudi nyumbani nikakaa wiki mbili na nyanya yangu kwenye banda lake la viazi. Banda lilikuwa na pande mbili, upande wa giza wa viazi vya kula na upande wa mwanga wa mbegu. Alinieleza jinsi alivyochomeka kijiti kando ya mmea mzuri wakati wa maua, ili siku ya kuvuna ajue mbegu atoe wapi. Kila aina aliiita kwa jina la mtu aliyemletea. Akanitajia nani alimsaidia mwaka ule mvua ya mawe ilipofyeka shamba, na nani alimfungia mlango. Ilikuwa historia ya mlima wetu mzima, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika jina lake, majina yote matatu. Nyanya hakujua kusoma zaidi ya hayo matatu. Aliweka kidole kwenye karatasi akayafuata herufi kwa herufi.

"Litakaa hapo?" akaniuliza.

Nikamwambia litakaa.

Mhadhiri alinipa C. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu kwamba hizi ni porojo za jikoni, si historia. Maneno hayo yalinikata maini. Nyanya sikumwambia. Aliponiuliza kwa simu nilimdanganya kwamba mwalimu alifurahi.

Mwaka uliofuata ikafika Ijumaa ya mhadhiri huyo kuhutubu. Siku hiyo nilikuwa zamu, nimekaa kwenye benchi la jikoni karibu na mlango pamoja na mathe na wapishi wawili. Akaanza, "Katika utafiti wangu huku highlands..." na kabla hajamaliza sentensi ya pili nilishajua. Banda lenye pande mbili. Kijiti cha wakati wa maua. Mvua ya mawe. Hata mpangilio ulikuwa wangu. Nyanya yangu alikuwa amegeuka "mkulima mmoja wa kike", basi, hana jina, hana ukoo.

Mathe akanigeukia. "Uko sawa?"

"Hiyo kazi ni yangu," nikamnong'oneza. "Huyo mkulima ni shosho yangu."

 Mathe alikunja mikono tu akamtazama yule bwana kuanzia viatu.

Angeishia pale angeponea. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kupendwa, na ukumbi ulikuwa umetulia vizuri, kwa hiyo akaongeza chumvi. Akasimulia jinsi wanawake wa Kuresoi walivyompokea. "Wakanitolea viazi zile za mbegu, zile zimekaa upande wa mwanga, wakanichemshia. Hiyo kwao ni heshima kubwa. Nilikula nikaongezwa." Watu wakapiga makofi. Kwenye benchi letu tuliangaliana.

Kiazi kikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kuwa kichungu, na ukikila kinakuchafua tumbo. Mbegu huachwa hivyo kwa makusudi ili ichipuke. Hakuna mama wa kwetu atakayempikia mgeni kitu hicho, na nguruwe pia hampi. Mimi jambo hilo sikuwa nimeliandika kwa sababu sikudhani kuna mtu mzima asiyelijua.

Mwenyekiti akaita jikoni. Mathe akanisukuma kwa kiwiko, nikasimama.

"Daktari, hivyo viazi ulikula vilikuwa na rangi gani?"

Alitabasamu. "Nice question. Kijani kijani hivi. Very fresh."

"Na ladha?"

"Tamu sana."

Mathe akasema akiwa ameketi vilevile, "Boss, hiyo ukikula unatapika mpaka kesho."

Bwalo likaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wa Molo na Kuresoi. Yeye akacheka pia, kwa kuchelewa. Nikamuuliza huyo mkulima anaitwa nani. Akasema maadili ya utafiti hayamruhusu kutaja. Nikamuuliza ana watoto wangapi. Hakukumbuka. Nikamuuliza mlango wa banda unaangalia wapi, akafungua chupa yake ya maji. Hapo ndipo aliponitazama vizuri chini ya kofia ya jikoni, na nikaona amenitambua. Nilifurahi. Sijawahi kufurahi namna ile, na sitajifanya kwamba niliona haya.

Mwenyekiti, mzee mpole, akawahi kuuliza, "Jikoni mmeshiba?"

"Bado," nikasema.

Kwa miaka minne sikuwa nimesikia mtu akijibu hivyo. Sikuwa na swali lingine. Nilisimama tu, naye akabaki amesimama, kwa sababu desturi haikumruhusu kuketi. Jasho lilimshuka kwenye kola. Chai tuliyopaswa kugawa ilikuwa inapoa, na mathe hakunihimiza. Mwishowe mkuu wa chuo mwenyewe akainuka.

"Daktari, hii kazi ni ya nani?"

Akajibu akitazama meza. "Ilianza kwa mwanafunzi."

"Tumeshiba," nikasema.

Wiki iliyofuata alikuja kwenye mlango wa nyuma wa jikoni nikimenya viazi. Makala ilikuwa njiani kuchapishwa, akasema, na alitaka kurekebisha. Angeweka jina langu na la nyanya. "Ile insha nilikurudishia, nilibaki na notes tu. Jina lake sikuwa nimeandika. Nipe yote matatu, niandike vizuri. Tafadhali."

Kumbe alinakili kila kitu akaliacha jina. Nilimwambia hilo hatalipata, aandike kwamba alisikia porojo jikoni. Alisihi. Nikaendelea kumenya. Alipoondoka mathe alinipigapiga begani, na hadi muhula ulipofungwa nilitembea nimevimba kifua.

Nyumbani nilimkuta nyanya bandani akichagua mbegu, nikamsimulia yote, hata ile C. Kwenye hadithi ya viazi vya kijani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kisha, kwa majivuno, nikamweleza jinsi yule bwana alivyokuja kuomba jina nikamnyima.

Kicheko kikakatika.

"Alikuwa anataka kuandika jina yangu?"

"Ndiyo. Nikakataa."

"Kwa kitabu ya kuchapishwa?"

"Ndiyo, shosho. Lakini ni mwizi."

Alikigeuzageuza kiazi mkononi. "Hiyo jina ni ya nani?"

Nikainama kuokota kiazi kilichoanguka.

"Ungeniuliza," akasema.

Nikamwambia naweza kumpigia simu sasa hivi, nami nilijua fika kwamba makala ilikuwa imeshatoka. Nadhani naye alijua. "Wacha tu," akasema, akanipa gunia nishike mdomo wake uwe wazi, akaendelea kutia mbegu moja moja bila kunitazama.