Taa ya Kuangaza Mulima

Nilikimbiza bibi yangu mwenyewe mpaka ndani ya shamba la maharagi, akiwa na Amani, mutoto wetu wa kwanza, wa siku tisa, kifuani, na silaha niliyotumia ilikuwa taa ya kinga, ile baiskeli yangu. Haya, chekeni.

Mimi ni muntu wa nyumbani (bibi yangu anasema kiti changu kimeota mizizi), lakini siku ile nilienda na kinga mpaka soko la Kitshanga, nikaona giza itanikuta njiani, njo nikatafuta taa. Muuzaji akanionyesha mbili.

"Papa, hii kadogo inaangaza njia. Hii kubwa inaangaza mulima."

Muntu mwenye akili anaendesha kinga njiani, haendeshi juu ya mulima, lakini mimi nikasema, "Nipe ya mulima!" Nikaifunga kwenye usukani kwa kamba ya mupira, uso juu, bila kuiinamisha hata kidogo, maana nilitaka waone kwa mbali kwamba Papa Amani anakuja.

Wakaona.

Kwetu taa yenye kuja na mulio ni pikipiki, hakuna shida. Taa kali yenye kushuka kimya, ile ni watu wa bunduki, na tulishapatana: mwenye kuiona wa kwanza anapiga firimbi, wote wanaingia mashambani, na muntu akiitwa jina gizani hajibu. (Kwenye mukutano nilinyoosha mukono, tena wa kwanza!) Lakini juu ya kinga yangu sikujiona kama muntu wa kuogopwa.

Firimbi ikalia. Nikafikiri wale watu wako nyuma yangu, nikakanyaga kwa nguvu zote, kumbe taa inawafukuza majirani mbele, sufuria zinaanguka, mbuzi zinalia, na nilipofika kwangu mulango ulikuwa wazi, ugali bado motoni, kitanda kitupu. Na mvua ikaanza.

Mutoto wa siku tisa tu, na baridi yetu ile. Nikaelekeza taa kwenye maharagi nimutafute, nikasikia majani yanakimbia mbali zaidi, njo nikaelewa adui ni nani. Nikafinya kuzima, ikaanza kuwaka na kuzimika haraka haraka. Nikafinya tena, ikaongeza nguvu. Nikaing'oa, nikaitumbukiza ndani ya gunia la makala ya kupikia.

"Mama Amani! Ni mimi!"

Nikaingia gizani nikipapasa kwa mikono, nikiomba nisikie mutoto analia, halafu nikiomba nisisikie, maana sikujua ingekuwa kilio cha namna gani, na mara mguu ukateleza, nikaanguka muferejini: "Mama yangu weee, nakufa!"

Karibu kabisa na kichwa changu, bibi yangu akaambia wengine, "Mutoke tu. Ule ni bwana yangu. Watu wa bunduki hawaliake vile."

Amani alikuwa mukavu ndani ya kitenge, amelala. Mama yake alikuwa amelowa chapachapa, hakuniangalia. Palepale matopeni niliapa kurudisha ile taa, nichukue ile kadogo, niiinamishe itazame gurudumu. Majirani wakatoka mumoja mumoja, nami nikaanza kuwaeleza namna taa ilivyo na nguvu, mpaka jirani yetu Mama Neema, kuku kwapani, kandambili moja mukononi, akanikata maneno:

"Papa Amani, nyamaza. Siku zote tunakimbiaka watu wabaya. Leo tumekimbia mujinga."