Pindo za Suruali ya Odessa

Odessa Pruitt amefagia ukumbi wetu hapa Ann Arbor miaka kumi na minne, nami nimefagia naye kumi na mmoja. Mwanawe Lonnie yuko jela. Misokoto miwili ya bangi, miaka tisa. Wapo walioua wakapewa pungufu. Kumwona ni mara moja kwa mwezi, na Desemba ile siku yake iliangukia Jumamosi, siku moja baada ya tamasha kubwa ukumbini petu.

Tamasha lenyewe lilikuwa la kupinga vifungo hivyo. Vijana maelfu, magitaa, hotuba, na moshi mzito wa bangi hata polisi wa mlangoni wakawa wanakohoa. Hawakumkamata hata mmoja. Odessa alipiga makofi kutoka stoo.

"Safari hii watasikika, Verlene," aliniambia.

Asubuhi tukamwaga unga wa mbao uliolowa, ushike vumbi, tukakunja pindo za suruali kama kawaida. Vipisi vya bangi vilijaa sakafu nzima.

"Shoga, hapa pana vifungo vya mji mzima," nikasema.

"Funga mdomo ufagie. Basi langu la saa tano."

Tulichelewa. Akatupia koti juu ya nguo za kazi, akakimbia. Kila siku tukimaliza hukunjua pindo tukajikung'uta. Siku hiyo hakukumbuka, na mimi, mjinga mkubwa, sikumkumbusha.

Langoni pa jela askari Kowalczyk, anayemjua miaka miwili sasa, alimwambia akunjue pindo. Unga wa mbao ukamwagika, na ndani yake kipisi kidogo kama ukucha.

"Bi Pruitt, nini hiki?"

"Cha ukumbini, bwana. Nilikuwa nafagia."

Kowalczyk akageuka kutazama nyuma, kisha akakikanyaga. "Sijaona kitu. Lakini huingii. Nenda zako kabla mkubwa wangu hajatoka."

"Basi mwambie tu kwamba nilikuja."

"Nikimwambia ulikuja, atauliza mbona hukuingia. Nenda, mama."

Akaenda. Angebisha, angelala humo humo. Ndani, bila shaka Lonnie alikuwa ameshanyoa ndevu, anangoja kuitwa.

Haya yote alinisimulia Jumatatu, ameegemea ufagio, bila hata chozi. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira. Wiki iliyofuata akanionyesha barua ya Lonnie: "Mama, kama umenichoka, sema tu."

Barua za jela husomwa na wakubwa kabla hazijafika. Odessa akakaa na kalamu muda mrefu, kisha akamwandikia kwamba siku ile alikuwa na mafua.