Wanja wa Namba Kumi na Moja

Mwaka huu timu yetu ya London haina kitu. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu. Kipa anaupiga mpira juu mbinguni kana kwamba wachezaji wake ni malaika. Wale wawili wa kati wanakimbia kama waliomwagiwa uji wa moto, na mpira wenyewe wameuacha nyuma. Yule fundi wa mguu wa kushoto, aliyekuwa akipiga mipira ya adhabu kama anatia uzi kwenye sindano, karudi kwao Ireland kuoa. Tutafungwa. Tukishinda mechi hata moja, nitaota ndevu.

Ukinisikia hivyo utadhani siwapendi. Subiri kidogo.

Mie ni Mpemba wa Wete, nakaa Neasden, na skuli niliishia darasa la nne. Mpira ninaousema si ule unaoujua wewe. Huu ni wa Waairishi. Wanaudaka kwa mikono, wanaudundisha, wanaupiga ngumi, wanaupiga teke, na wakigongana unasikia mifupa mpaka ulipokaa. Goli lina nguzo mbili ndefu zinazopanda juu kupita mtambaa wa panya. Ukiupitisha mpira juu ya mtambaa, baina ya nguzo, pointi moja. Ukiutia wavuni, tatu. Kila kaunti ya Ireland ina timu yake, na London nayo, ingawa iko ng'ambo ya bahari, inahesabiwa kaunti, kwa sababu Waairishi wamejaa hapa tangu zamani kujenga nyumba na kuuguza wagonjwa. Wachezaji hawalipwi hata thumni. Kijana anashinda kutwa juu ya ngazi mvuani, jioni anakwenda mazoezini kuvunjwa mbavu bure.

Ndiyo maana timu yetu ni kama nyumba ya kupanga. Wakishazoeana, huyu karudi kwao, yule kafuata mshahara Australia. Kila msimu tunaanza na wageni, halafu watu wanashangaa kwa nini hatushindi.

Mie nimeingiaje humo? Binti yangu aliolewa na mwana wa Kiairishi. Kijana alisilimu, akaja kwa adabu, nikampa radhi zangu. Wakapata mtoto mmoja wa kiume. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, hilo kila mtu analijua, na kwa kuwa mume wangu wa kwanza alishatangulia mbele ya haki, huyu wa pili nilimshikilia kwa mikono miwili. Mume wangu amekuwa mrefu, fundi umeme, masikio makubwa kama ya babu yake wa Wete. Namba kumi na moja mgongoni.

Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. Mie nasema changu, yeye anasema chake, na tunaelewana. Ndivyo nilivyodhani.

Mwenzangu wa kutazama mpira ni mkwe mwenzangu, yaani yule babu wa upande wa pili, Mwairishi mzee aliyefiwa na mkewe. Tunakaa benchi moja uwanjani Ruislip, yeye na kofia yake ya sufu, mie na buibui, makoti mawili na blanketi. Yeye huleta chupa ya chai, mie kachori. Siku ya kwanza alikula pilipili akalia machozi, watu wakadhani tunaachana.

Tulianza kuelewana zamani, mjukuu wetu angali mchanga. Nilikuwa nimempaka wanja kwenye kipaji cha uso, doa kubwa jeusi, kama mama yangu alivyonipaka mie na bibi yangu alivyompaka mama. Mtoto alikuwa mzuri kupita kiasi, na mtoto mzuri lazima atiwe kasoro, jicho la mtu likimwangukia lianze kwenye kasoro. Mke wa mzee, Mungu amsamehe, akatoa kitambaa cha maji akamfuta. Nikampaka. Akamfuta. Nikampaka tena. Mzee akacheka, akaniuliza maana yake nini. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha sokoni. Akasema kwao kijijini ukimsifu mtoto wa mtu, hata ndama wa mtu, bila kumtaja Mungu, wenye ndama watakutazama mpaka ulitaje jina Lake. Akamgeukia mkewe. "Mwache," akamwambia. "Huyu bibi anajua anachofanya."

Tangu siku hiyo, mie na mzee tukikaa kwenye benchi hatusifu. Ataniuliza, "Mkwe, vijana unawaonaje mwaka huu?" Hilo neno "mkwe" ndilo Kiswahili chake chote.

"Wabovu."

"Wabovu sana?"

"Wameoza."

"Na wetu?"

"Huyo ndiye wa mwisho. Miguu kama miiko ya ugali."

"Afadhali umesema," hujibu, na anamega kachori ameridhika. Wao wenyewe ndivyo walivyo. Nenda kamuulize Mwairishi yeyote kaunti yake itafanya nini msimu huu, atakwambia watafungwa, na moyoni keshaagiza suti ya kuvaa fainali.

Basi na nyumbani nilikuwa vivyo hivyo. Mume wangu anakuja Jumapili, nimempikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, anakula sahani mbili, ananiuliza, "Bibi, umeniona jana?" Namwambia, "Nimekuona. Ulikuwa kama mlango uliong'oka bawaba." Anacheka. Wiki nyingine, "Bibi, nimefunga pointi nne." Namwambia, "Hao wapinzani walikuwa wagonjwa." Anacheka, lakini nikikumbuka sasa, kicheko kilikuwa kinafupika.

Msimu uliopita ukawa na jambo lake. Marafiki zake watatu walikwenda Australia, wakamtafutia kazi huko ya umeme. Wakamwambia ajibu. Yeye akasema atajibu baada ya mechi kubwa, ile ambayo kaunti ya Ireland huja kucheza na London hapa hapa Ruislip; ukishindwa, msimu umekwisha. Binti yangu alinieleza jikoni huku anamenya vitunguu, na sikujua alikuwa analizwa na kipi. Nikasema, "Mtu mzima, atajua mwenyewe." Nikaenda chooni, nikafungua maji ya bomba ili nisisikike.

Sikumwambia asiende. Watoto wangu mwenyewe waliondoka Pemba kwa sababu mie niliondoka, na mie niliondoka mama yangu yuko mlangoni. Nitamkataza nani kwa mdomo gani?

Siku ya mechi upepo ulikuwa unatembea uwanjani kama askari. Uwanja ulijaa, wale wa Ireland wamekuja na bendera zao na watoto wao. Vijana wetu, nitasema kweli hapa kwa kuwa imekwisha pita, walicheza mashaallah. Kila mtu alingoja tutandikwe, hatukutandikwa. Wakifunga, tunafunga. Mume wangu alidaka mpira mmoja juu ya vichwa vya watu wawili mpaka mzee akanishika mkono, mkwe wa watu, akausahau mkononi mwake.

"Huyo wetu," nikamwambia, "hafai hata kuchunga bata."

Hakucheka. Ilikuwa mapumziko, amenimiminia chai, na hakucheka.

"Mkwe," akasema, "kijana anaamini."

"Anaamini nini?"

"Hayo usemayo. Jana alikuja kwangu. Kasema: mama ananisifu kwa kuwa ni mama, na wewe babu unasifu kila kitu ukiwa umeshiba. Bibi ndiye mkweli, na Bibi miaka yote ananiona sifai. Kama hata Bibi hanioni kitu, nabaki London kwa ajili ya nani?"

Chai ikanimwagikia kwenye koti. "Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akaona namtuliza tu."

Nilikaa na kile kikombe. Mtoto niliyempaka wanja kwa kidole hiki hiki, hakujua! Halafu nikajiuliza, angejulia wapi? Mie Wete hakuna aliyenieleza. Bibi yangu aliniita kinyago, bibi wa jirani alimwita mjukuu wake tumbili, na ukipita nyumba ya tatu unasikia mtoto mzuri kuliko wote anaitwa ganda la muwa. Mtaa mzima ulisema lugha moja, ukaelewa kabla hujaota meno. Hapa Neasden nilikuwa mie peke yangu. Na mila ikifanywa na mtu mmoja haionekani mila. Inaonekana ni mdomo wake mchafu.

Wachezaji wakarudi uwanjani. Nikampa mzee kikombe, nikavua blanketi.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kumsifu."

"Mungu wangu," akasema. "Mkwe, si leo. Tumelingana nao!"

"Akipata jicho, alipate akijua."

Nikateremka mpaka kwenye uzio, pale vijana hupita kukimbilia upande wa pili. Buibui langu linapepea, Waairishi wananipisha. Nikangoja mpaka mume wangu akawa karibu, nikatoa sauti ambayo sikuitoa tangu harusi ya mama yake.

"Mashaallah! Mashaallah mume wangu! Hodari wa mahodari! Hakuna kama wewe uwanja huu! Sijaona kama wewe tangu nizaliwe!"

Nikapiga kigelegele kirefu.

Uwanja mzima uligeuka. Refa aligeuka. Mume wangu alisimama kama aliyeguswa na nyaya zake mwenyewe za umeme, akanitazama mdomo wazi, na beki aliyekuwa anamkaba naye akanitazama. Nyuma yangu nikasikia mzee ameteremka kwa magoti yake mabovu, anapiga kelele kwa Kiingereza, "Mungu ambariki! Mungu ambariki yule!" Anaziba nilipotoboa.

Haikutosha. Mwisho kabisa tukawa nyuma kwa pointi moja, na tukapata mpira wa adhabu mbele ya goli, si mbali. Mume wangu ndiye akaupiga. Mpira ukaenda mzuri, ukaenda kama umeelekezwa, ukagonga nguzo, ukatoka nje. Firimbi.

Mzee alinitazama. Nikamtazama. Hakuna aliyesema nilikwambia, kwa sababu sote tulijua.

Mume wangu alikuja kwetu kwenye uzio, matope mpaka kwenye nyusi, macho mekundu. Nilidhani atakasirika.

"Bibi," akasema, "ulikuwa unapiga kelele gani zile?"

"Zile ndizo za kweli. Nyingine zote zilikuwa kinga." Nikamweleza, pale pale, watu wanatupita. Nikamweleza wanja, kinyago, tumbili, na ganda la muwa. "Na leo nimekusifu mara moja tu katika maisha yako, na umeona mwenyewe nguzo imefanya nini."

Akainama, akaegemeza kichwa chake kichafu begani kwangu juu ya uzio, na mwili wake ukatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na kulia pia, sikuvitenga.

"Kwa hiyo miguu kama miiko..."

"Miguu mizuri kuliko yote London. Mashaallah. Sasa usinisemeshe tena."

Alikwenda Australia. Msidhani neno moja la bibi linashinda mshahara na ujana. Alikuja mwenyewe kuniambia, tukiwa wawili, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, anaokota neno moja moja kama mtu anayevua miiba. "Bibi, naenda. Si kwa sababu yako. Nataka kuona." Nikamwambia, "Utaniacha mjane mara ya pili." Akasema, "Mjane mzuri." Nikamkata kofi. Hasifiwi mtu ovyo.

Siku ya safari aliinama mlangoni bila kuambiwa. Nikampaka wanja nyuma ya sikio, lile sikio kubwa la babu yake, pasipoonekana na watu wa pasipoti.

Huko aliko Waairishi wamejaa vilevile na mpira wao ni huo huo, keshapata timu. Hunipigia simu mie nakunywa chai ya asubuhi na yeye kwake jua limeshazama. "Bibi, Jumamosi tunacheza. Tutashinda?"

"Mtafungwa. Kipa wenu ni gunia."

"Hujawahi kumwona, Bibi."

"Sihitaji."

Nasikia anawageukia wenzake, anawaambia, na wenzake wanapiga kelele za furaha kama waliosomewa dua.

Mie na mzee bado tunakwenda. Majuzi, mechi ya kwanza, namba kumi na moja ni mtoto mpya, mwekundu wa nywele, ametoka Ireland juzi tu, anakimbia vizuri kuliko swala. Nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza, kwamba yule ana miguu kama miiko.

Mwanamke aliyekaa mbele yetu akageuka. Uso wake ulikuwa umeganda. Alikuwa na nywele zile zile nyekundu.

"Mama yake," mzee akaninong'oneza. "Kaja kumtazama."

Zamani ningegeuza uso. Safari hii nilichukua kikombe, nikamimina chai, nikateremka benchi moja, nikamwekea kachori juu ya kitambaa.

"Sogea, mwanangu," nikamwambia. "Nikae nikueleze."