Randa ya Baba

Mwezi uliopita nilitoka Jeddah, ninakofanya kazi ya ukarani karibu na bandari, nikaenda Riyadh kuchukua sanduku la vifaa vya marehemu baba. Tuliporudi Mombasa, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, baba aliiacha randa yake, nyundo na msumeno kwa bosi wake wa huko Riyadh. Sasa binti wa bosi ndiye mwenye nyumba. Namba yangu aliipata kwa mama, maana hao wawili husalimiana kila Idi. Akaniambia amesafisha stoo, na sanduku ni langu nikilitaka. Eti nikilitaka. Nilikata tikiti siku ile ile.

Kama hujawahi kuishi Riyadh, huenda hujui raha ya joto kukatika. Ni miezi ile ambayo kwetu Pwani ni ya vuli. Tulikaa mtaa wa Malaz, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Asubuhi ya kwanza isiyochoma, mama alizima kiyoyozi, akafungua madirisha yote, akakaanga mahamri. Harufu ya iliki ilishuka ngazi hadi mlangoni, na kutoka nje zilipanda sauti za watu wakimwaga maji na kusugua nyua zilizojaa vumbi la kiangazi. Kila mwenye ua alikumbuka kuwa ana ua.

Baba aliajiriwa udereva, lakini mikono yake ilikuwa ya seremala, na bosi alilijua hilo. Joto likikatika tu, gari lilipumzika na baba akahamia uani. Alipaka geti rangi, akatengeneza masanduku ya maua, akaunda mabenchi ya familia ya bosi kunywea kahawa nje jioni. Alirudi kwetu na maranda kwenye nywele, amechoka hata chai inampoa mkononi.

Mimi nilitaka sanduku moja tu, la kupandia mchicha juu ya paa la ghorofa letu, na nilitaka tulitengeneze pamoja, mimi na yeye. “Ijumaa, mamangu,” alikuwa akiniambia. Aliniita mamangu kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ijumaa ikifika, simu inalia, ni bosi. Yalla, rangi imekauka, njoo. Mama alichoka na manung'uniko yangu akapanda mchicha kwenye debe la mafuta ya kupikia. Ulimea vizuri tu, na mimi nilikataa kuula.

Mwaka wetu wa mwisho kule, baba alinichukua siku moja twende naye kwa bosi. Nilivaa gauni la Idi nikidhani naenda kutembea. Uani nilimkuta binti wa bosi, rika langu, amepanda kigoda ili aufikie ubao, penseli iko nyuma ya sikio kama ya baba. Baba alisimama nyuma yake, mikono yake juu ya mikono ya binti, wakipiga randa pamoja. Nilipewa juisi ya embe nikaambiwa nikae mbali, nisichafuke. Sijui kama niliwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mtoto yule, na kosa lake lilikuwa kushikwa mikono. Nikaimwaga juisi kwenye sanduku la maua. Hakuna aliyeona.

Basi mwezi uliopita nilimkuta pale pale, mtu mzima sasa, amekunja mikono ya nguo, benchi la baba amelipindua chini juu. Kila mwaka joto likikatika, alisema, hulikarabati mwenyewe. Sanduku lilikuwa kando yake, vifaa vimepakwa mafuta vinang'aa. Tulizungumza Kiarabu, nilichojifunza utotoni. Akanipa randa nijaribu. Nilisukuma, ikakwama, ikang'oa kipande cha ubao. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

“Taratibu, mamangu,” akasema, kwa Kiswahili.

Nilimuuliza maneno hayo ameyatoa wapi.

“Kwa baba yako,” akanijibu. “Si ndivyo alivyokuwa akiniita?”

Miaka yote nilijua kuwa yule mtoto alichukua Ijumaa zangu. Sikujua kwamba hata jina langu alikuwa nalo. Nilifunga sanduku. Akaniomba kwa adabu nimwachie randa tu, benchi bado halijaisha. Nikamwambia hapana. Akasema halas, hakuna neno, akanibebea sanduku mwenyewe hadi kwenye teksi, na adabu yake hiyo ikaniudhi zaidi.

Malaz nilipita. Ghorofa letu limevunjwa, paa na debe la mchicha havipo, na sikuona mtu nimjuaye. Sasa sanduku liko kwenye kibaraza changu hapa Al-Safa. Jeddah nayo imeanza kupoa, na jirani wa chini anapaka rangi vyungu vyake vya maua, anapiga mluzi. Nilinunua mbao tatu, nikasema nitajitengenezea lile sanduku langu la mchicha. Lakini unyevu wa bahari hauna huruma, na wembe wa randa umeshaanza kushika kutu. Sijui unafunguliwaje ili usafishwe. Baba hakunifundisha. Aliyefundishwa yuko Riyadh, na namba yake ninayo. Kila jioni naishika simu, namkumbuka mtoto yule na ile penseli sikioni, naiweka chini.